Somo la muziki la bei nafuu na somo la watu wote, mbona ni kitu kimoja

Walimu wenzangu wa muziki wananiuliza sana, ada nishushe vipi na hapohapo nipokee wanafunzi wenye ulemavu, si nitafunga duka? Wanaona mizigo miwili, mimi naona mmoja. Kinachopandisha bei ni ule mtindo wa mwalimu mmoja mwanafunzi mmoja saa nzima, na ndo huohuo unaomwonyesha mtoto wa polepole kama ameshindwa, maana wimbo wote umemwelemea peke yake.

Fundisha kikundi, watu sita hivi. Saa moja ikilipiwa na sita kila mzazi anapumua. Ila wasipige wote kitu kilekile, hapo ndo wengi tunaharibu, mwepesi anaboreka na wa taratibu anaachwa nyuma. Wimbo uwe mmoja, sehemu tofauti: huyu melodi, yule noti moja ya besi kila mwanzo wa kipimo (fungu la mapigo yanayojirudia), mwingine mapigo mawili tu ya ngoma. Na huyo wa besi msimwone kapewa kazi ya huruma, akinyamaza wimbo unapwaya na kila mtu anasikia.

Sasa vyombo. Zailofoni (ala ya vipande vinavyogongwa kwa vijiti) za aina aliyowatengenezea watoto Carl Orff, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, vipande vyake vinatoka, kwa hiyo toa fa na ti, zinabaki do re mi sol la, na hizo mtoto akipiga yoyote kwa wakati wowote hazigombani. Anayerusha mkono bila kulenga vizuri naye yumo kwenye muziki, si kelele.

Gita napenda zaidi. Legeza waya wa sita (ule mnene kuliko wote), wa tano na wa kwanza, kila mmoja toni moja nzima, ukipitisha mkono juu ya nyuzi zote bila kushika kitu tayari unapata kodi ya G kamili, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja na kupatana. Mlazie mtoto gita mapajani, mpe kipande cha bomba la chuma lisilokwaruza, akiliweka juu ya kile kijichuma cha tano cha shingo ya gita ana C, cha saba ana D. Kwa hizo tatu nyimbo kibao zinapigika, na vidole havijaulizwa chochote! Gita ni lilelile la kawaida, hujanunua kitu cha ajabu.

Kwa kiziwi, vueni viatu, ngoma kubwa iwekwe kwenye sakafu ya mbao. Evelyn Glennie wa Scotland, mpiga ngoma wa kimataifa aliyepoteza usikivu akiwa mdogo, hupanda jukwaani pekupeku ili asikie mtetemo kwa miguu. Asiyeona, noti za nukta nundu zipo (Louis Braille mwenyewe alikuwa mpiga kinanda kanisani), lakini wiki za mwanzo mrekodie tu sehemu yake kwenye simu, polepole, kila mkono peke yake. Mwenye usonji, mwambie mapema lini sauti itapanda na usimbadilishie mpangilio wa somo ghafla.

Kuhusu ada yenyewe, weka viwango vitatu na mzazi achague mwenyewe kimyakimya. Usidai barua wala ushahidi wa umaskini, jamani, watu wana aibu zao na wengi wataondoka kabla hawajaanza. Wa kiwango cha juu anambeba wa chini, na vyombo viazimishwe miezi mitatu ya kwanza, kununua baadaye mtoto akishajua anapenda nini.