Je, wajua kwa nini mgonjwa wa Kipalestina hubadilisha gari njiani?

Alfajiri, kwenye kituo cha ukaguzi cha Tarqumiya, karibu na Hebron, panapovukiwa kutoka Ukingo wa Magharibi kuingia Israel, bibi wa Kipalestina anavuka kwa miguu akiwa amemshika mkono mjukuu mwenye saratani. Upande wa pili, Mwisraeli mstaafu anawasubiri ndani ya gari lake mwenyewe. Wote watatu wanaelekea hospitali ya Sheba, jirani na Tel Aviv.

Kwa nini wasipelekwe moja kwa moja kutoka nyumbani? Jibu liko kwenye namba za gari. Magari ya Wapalestina wa Ukingo wa Magharibi yana namba za kijani kwenye kibao cheupe, na kwa kawaida hayaruhusiwi kuingia Israel. Ya Waisraeli yana kibao cha njano. Mamlaka ya Palestina inaweza kumpa mgonjwa rufaa na kugharamia matibabu, na Israel ikampa kibali cha kuingia, lakini kibali hicho ni cha mtu, si cha gari. Inabaki kulipia teksi, na anayetibiwa saratani haendi hospitali mara moja akamaliza.

Na bibi je, mbona si baba wa mtoto? Wanaume ambao bado vijana hunyimwa kibali mara nyingi kwa sababu za kiusalama, kwa hiyo safari humwangukia bibi.

Aliyeanzisha safari hizi za madereva wa kujitolea ni Yuval Roth, Mwisraeli ambaye kaka yake, Udi, alitekwa na kuuawa na wanachama wa Hamas mwaka 1993. Roth alijiunga na umoja wa familia zilizofiwa za pande zote mbili, ulioanzishwa mwaka 1995 na Yitzhak Frankenthal, baba aliyeuliwa mwanawe askari. Humo ndimo Mpalestina mmoja, mfiwa mwenzake, alipomwomba amsaidie kumfikisha ndugu yake mgonjwa hospitali ya Rambam, Haifa. Akampeleka. Likaja ombi jingine, na jingine, hadi mwaka 2010 ikabidi liundwe shirika rasmi, ambalo jina lake la Kiebrania maana yake ni "njiani kuelekea kupona".

Wapo wanaoipinga kazi hii. Baadhi ya Waisraeli huuliza kwa nini adui abebwe, na baadhi ya Wapalestina husema lifti ya bure inaupamba ukaliaji wa ardhi yao. Hoja ya pili ina uzito: bila vituo vya ukaguzi, dereva huyu asingehitajika. Ila kliniki ya mtoto ni kesho asubuhi.

Kisha ikaja Oktoba 7, 2023, siku Hamas ilipoishambulia Israel kutoka Gaza. Oded Lifshitz, mzee wa miaka 83 wa kijiji cha Nir Oz, alikuwa mmoja wa madereva wa shirika hilo, akiwabeba wagonjwa wa Gaza kutoka kivuko cha Erez, mpakani mwa Gaza na Israel. Siku hiyo wapiganaji walimteka pamoja na mkewe, Yocheved. Mke aliachiliwa mwezi uleule, na wakati wa kukabidhiwa aligeuka, akampa mkono mmoja wa waliomshikilia, akamwambia "shalom", yaani amani. Oded alirudishwa Februari 2025, akiwa maiti.

Safari za Erez zilikoma. Za Ukingo wa Magharibi zinaendelea, na jioni gari lenye kibao cha njano husimama palepale lilipowachukua abiria wake asubuhi, nao wakashuka kuvuka tena kwa miguu.