Mtutu Mrefu Haumaanishi Shabaha Bora
Hapa Mombasa, wanaotazama mizinga ya Fort Jesus husema kwamba silaha ikiwa na mtutu mrefu haikosi, na wengine huamini hivyo hivyo kuhusu bunduki za nusu-otomatiki, kama Ruger Mini-14 ya Marekani. Sivyo. Urefu huiongezea risasi kasi. Shabaha hutegemea zaidi ugumu wa mtutu na risasi zinazolingana. Mini-14 za awali zilikuwa na mtutu mwembamba, ambao ulipopata moto baada ya risasi chache, matundu kwenye karatasi ya shabaha yalianza kutawanyika. Ndiyo maana baadaye kiwanda kiliunenepesha, na kwa maoni yangu marekebisho hayo yalifaa kuliko darubini yoyote ya gharama.