TV nne, antena moja: hesabu kwanza, busta baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote hapa Mwanza ni hili: "Fundi, sebuleni TV iko safi, chumbani inakatakata. Ninunue busta gani?" Jibu langu huwakera wengi, maana kabla ya kutaja busta, yaani kifaa cha kukuza mawimbi, nataka kujua waya umepita wapi na umegawanywa mara ngapi.

Enzi za analojia tatizo lilijitangaza lenyewe. Mawimbi yakipungua uliona chenga, zikizidi ulipanda juu kugeuza antena. Tangu mitambo ya analojia izimwe hapa mwanzoni mwa 2013, picha ya antena ama ni safi, ama inaganda, inavunjika vipandevipande na kupotea. Kwa hiyo TV ya sebuleni inaweza kuwa imebakiza desibeli mbili tu (kipimo cha nguvu ya mawimbi) kabla ya kukatika na wewe usijue. Siku unayomgawia mtoto chumbani kwake, zote mbili zinazima.

Hesabu yenyewe si ngumu. Splita ya njia mbili inagawa nguvu ya mawimbi nusu kwa nusu, na kupoteza nusu ni kupoteza desibeli 3. Ongeza kinachopotea ndani ya splita yenyewe, unakaribia 4. Ya njia nne inakula 7 hadi 8. Waya mzuri wa antena, aina ya RG6, unakula kama desibeli 17 kwa mita 100 kwenye masafa ya UHF yanayobeba TV, kwa hiyo mita 20 ni kama tatu na nusu. Tuseme kipima mawimbi kinasoma 60 pale kwenye antena, kwa kipimo cha dBµV, yaani desibeli za mikrovolti. Toa tatu na nusu za waya, toa 8 za splita: kila chumba kinabaki na 48 na ushee. Mimi hutaka kila soketi ya ukutani isome kati ya 45 na 65. Nyumba hiyo yenye TV nne haihitaji busta hata kidogo.

Ninachokuta darini ni kingine. Waya umetoka sebuleni ukaingia chumba cha kwanza, hapo ukafungwa splita, ukaendelea cha pili, splita nyingine, mpaka cha mwisho. Splita tatu za njia mbili mfululizo ni desibeli 12 kwa yule wa mwisho, na wa kwanza kapoteza 4 tu. Juu ya hapo waya ni mwembamba wa bei rahisi, na maungio yamesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa solatepu. Mvua ikiingia kwenye ungio la nje, shaba inaoza na maji yanatambaa ndani ya waya. Hapo hakuna cha kukarabati, ni kubadilisha waya. Mimi hupeleka waya wa kila chumba peke yake kutoka sehemu moja darini, karibu na tundu la kupandia, kwa konekta za kubana. Njia ya splita isiyotumika naiziba kwa kizibo cha omu 75.

Kisha kuna mawe yetu. UHF haipenyi kilima cha mwamba, na mji huu umejengwa juu na katikati ya miamba. Nyumba mbili jirani pale Mabatini au Igogo, moja inaona mnara, nyingine iko nyuma ya jiwe. Kusogeza mlingoti mita mbili pembeni mwa paa kunaweza kufanya kazi ambayo busta haiwezi. Wanaoficha antena darini chini ya bati, sijui wanategemea nini. Bati linarudisha mawimbi yalikotoka.

Busta ina kazi yake, waya ukiwa mrefu au vyumba vikiwa vingi, lakini mahali pake ni juu mlingotini, kabla mawimbi hayajachoka. Ukiifunga mwisho wa waya, umempa kipaza sauti mtu aliye katikati ya mnada wa samaki Mwaloni: sauti yake inapaa, na kelele za mnada zinapaa nayo. Busta ya juu hupata umeme kupitia waya huohuo wa antena, kwa hiyo splita iliyo njiani lazima ipitishe umeme. Nimeitwa mara nyingi kwenye nyumba iliyozima yote kwa sababu mtu alibadilisha splita akaweka isiyopitisha. Halafu busta nyingi za zamani zinakuza mpaka 862 MHz, wakati kuanzia 694 kwenda juu sasa ni masafa ya simu. Ukikaa karibu na mnara wa simu, busta ya aina hiyo inalemewa na picha zinaharibika.

Kwa redio, antena ya FM yenye urefu wa mita moja na nusu hivi nje ya bati inatosha. Iunganishe na ya TV kwa kichanganyio cha FM na UHF ili mteremke na waya mmoja. Dishi ni habari nyingine kabisa: splita ya kawaida ya TV haifai, tafuta LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) yenye njia mbili au nne, na kila TV king'amuzi chake.

Radi za ukanda wa ziwa hazina mzaha. Mlingoti wa chuma uunganishwe na ethi ya nyumba kwa waya mnene. Kwenye mwamba nondo ya ethi haishuki, na wengine huikata fupi wakaifunika kwa saruji, jambo lisilosaidia chochote. Shusha waya mpaka palipo na udongo wenye unyevu, hata kama ni kona ya mbali ya kiwanja. Hata hivyo ethi haizuii radi inayopiga moja kwa moja. Wingu jeusi likianza kupanda kutoka ziwani, chomoa plagi ya umeme na waya wa antena pia, kwa sababu kuzima swichi ya ukutani kunaacha waya wa antena umeunganishwa na TV.