Rangi ya chini ya tyubu haikuambii kilichomo

Magrupu ya WhatsApp ya Kisumu hayajauchoka ujumbe huu: geuza tyubu ya krimu au dawa ya meno, tazama kialama cha rangi kwenye mshono wa chini. Eti kijani ni vitu vya asili, nyekundu ni mchanganyiko, nyeusi ni kemikali tupu.

Si kweli. Alama hiyo ni ya mashine ya kiwandani. Kihisi cha mwanga huisoma ili tyubu ikae sawa, ikatwe na kuzibwa pale panapostahili, maandishi yasije yakaenda upande. Rangi huchaguliwa ionekane vizuri juu ya rangi ya tyubu, basi. Ukipita soko la Kibuye, tazama pindo za pakiti za biskuti na krispi. Utaviona vialama vivyo hivyo.

Kilichomo husomwa kwenye orodha ya viambato. Ukiona hydroquinone (kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi) au neno mercury, yaani zebaki, kwenye krimu ya kung'arisha ngozi, irudishe kwenye rafu, hata kama alama ni ya kijani. Na zebaki, kumbuka, ni kitu cha asili kabisa, ila huharibu figo.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu zipo alama zenye maana kweli: kopo dogo lililofunuliwa kifuniko, limeandikwa 12M, humaanisha itumike ndani ya miezi 12 baada ya kufunguliwa.

Ujumbe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze, hata kama umetumwa na shangazi.