Je, wajua kwa nini ruta hugoma kuwaka ilhali faili lake lipo?

Umenakili toleo jipya la programu kwenye ruta ya Cisco. Unaandika amri show flash:, inayoorodhesha mafaili yaliyo kwenye flashi (kumbukumbu ya kudumu ya ruta), na faili lipo, jina ndilo, ukubwa ndio. Unaizima na kuiwasha. Badala ya kurudi kazini, inaganda kwenye rommon 1 >, kidokezo cha programu ndogo ya dharura ya ruta, yaani haikupata mfumo wa kuupakia.

Tatizo ni kwamba orodha ile hutaja mambo kama jina na idadi ya baiti, haikagui yaliyomo ndani ya faili. Biti moja ikigeuka kutoka 0 kuwa 1, ukubwa haubadiliki hata kidogo, lakini programu imeshaharibika. Ruta nyingi hulikagua faili zenyewe zinapowaka, ila hapo mtandao umeshakatika.

Faili huharibika wapi? Pengine njiani. TFTP, njia ya zamani ya kuhamisha mafaili haya, hukata faili vipande vya baiti 512 na kuvihesabu kwa namba ya biti 16, isiyozidi 65,535. Ndiyo maana programu kongwe za TFTP hukwama faili linapokaribia megabaiti 32. FTP, njia nyingine ya kuhamisha mafaili, nayo ikiachwa katika hali ya maandishi hubadilisha alama za mwisho wa mstari, na faili la programu halina mistari! Pengine ni flashi yenyewe: kila seli hutunza data kwa kunasa elektroni nyuma ya utando mwembamba wa kihami, na utando huo huchakaa kila seli zinapofutwa na kuandikwa upya.

Dawa yake ni heshi, yaani mfuatano mfupi unaokokotolewa kutokana na faili zima. Ukiandika verify /md5 flash: pamoja na jina la faili, ruta hulisoma lote, baiti kwa baiti, kisha hutoa herufi na tarakimu 32. Biti moja tu ikiwa tofauti, mfuatano huo hubadilika kabisa. Linganisha na ule uliotangazwa na mtengenezaji, wala usiridhike na ulioukokotoa kwenye kompyuta yako, maana huenda faili liliharibika lilipokuwa likipakuliwa. MD5, aina ya heshi iliyotumika hapo, hunasa ajali vizuri, lakini tangu 2004 inajulikana kuwa mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa jibu moja, kwa hiyo kama SHA-512, heshi iliyo imara zaidi, ipo, tumia hiyo. Tarakimu zake 128 zinachosha macho, basi iachie kompyuta ilinganishe.

Na toleo la zamani? Nafasi ikiruhusu, mimi silifuti mpaka jipya liwake. Ruta ikikwama bila faili zima, na ukabaki na kebo ya konsoli (inayounganisha kompyuta na ruta moja kwa moja) na Xmodem, njia ya kale ya kutuma faili kupitia kebo hiyo, peke yake, kasi ya kawaida ya biti 9,600 kwa sekunde hupitisha kama baiti 960, maana kila baiti hutumwa kwa biti 10. Faili la megabaiti 30 halimaliziki chini ya saa 9.