Boti la mashine mbili: dhana potofu kuhusu kulinganisha moduli za cheche

Hapa nazungumzia mashine za petroli. Mwenye dizeli hana moduli ya cheche, yaani boksi la elektroniki linaloongoza umeme wa plagi; ana balaa zake nyingine. Mfano wangu mkuu ni MerCruiser za V8, zile za lita 5.7, kwa sababu zimejaa kwenye boti za mashine mbili na maneno yanayosemwa juu yake ni mengi kuliko vipimo vinavyochukuliwa.

"Soketi zikiingia, ndiyo yenyewe"

Hii ndiyo dhana inayokula pesa za watu. Maboksi mawili yanaweza kuwa na umbo moja, nyaya za rangi moja na matundu ya boliti pale pale, halafu ndani kila moja likawa na mpangilio wake wa kuwahisha cheche, yaani kuirusha kabla pistoni haijafika juu.

Chukua Thunderbolt IV na Thunderbolt V, mifumo miwili ya cheche ya MerCruiser. Kwenye IV, cheche inawahishwa na distribyuta: ndani yake kuna vizito na springi vinavyofunguka kadiri mashine inavyokimbia. Boksi la nje linakata na kuunganisha umeme wa koili tu. Kwenye V, vizito hakuna, hesabu yote ya kuwahisha iko ndani ya moduli. Ukilazimisha moduli ya V ifanye kazi na distribyuta yenye vizito, cheche inawahishwa mara mbili. Ukigeuza, yaani boksi la IV na distribyuta isiyo na vizito, haiwahishwi kabisa.

Hata zote zikiwa V bado kazi haijaisha. Kwenye lebo utakuta maandishi kama V8-24S au V8-22A. Hayo ndiyo ya kulinganisha, kwa sababu ndiyo yanayotaja mpangilio wa cheche. Moduli ya kushoto na ya kulia zisome sawasawa, na zikubaliane na namba ya serio ya injini. Lebo ikiwa imeliwa na chumvi, usikisie. Tafuta namba ya kifaa kupitia serio ya injini.

Watu husema cheche kupishana digrii tatu nne za krenki ni kitu gani. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, krenki inazunguka digrii 18 ndani ya elfu moja ya sekunde. Cheche ikichelewa, petroli inamalizia kuungua wakati pistoni imeshashuka: nguvu inapungua, ekzosi inachemka, mafuta yanakwenda bure. Ikiwahi kupita kiasi, mashine inagonga, na baharini huwezi kuisikia ikigonga kwa kelele za upepo na mashine ya pili. Gari hupumzika kwenye mteremko. Boti linasukuma mzigo muda wote, kwa hiyo pistoni inatoboka kabla hujajua kuna tatizo.

Na shida haibaki kwa mashine mbovu peke yake. Moja ikisukuma kidogo, boti linapoteza mwendo, na rafadha ya ile nzima inabeba mzigo usio wake.

"Nimeseti zote kwenye alama moja, ziko sawa"

Umeziseti ukiwa sailensa (mashine ikiunguruma polepole bila mzigo), na hapo ndipo taa ya taiming, ile ya kumulika alama ya puli ya krenki, inapodanganya kuliko mahali pengine popote. Thunderbolt V ina kazi ya kutuliza sailensa: mizunguko ikishuka inawahisha cheche kidogo, ikipanda inairudisha. Ndiyo maana alama inacheza mbele na nyuma ukiimulika. Fundi anayezungusha distribyuta kuifukuza alama hiyo anapoteza asubuhi yake.

Utaratibu ni kuipeleka kwanza moduli kwenye taiming ya msingi, kwa kuunganisha waya wa zambarau wenye mstari mweupe na bodi ya injini. Hapo inaacha hesabu zake na cheche inatulia. Seti kwa digrii zilizoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo, kisha toa kile kipande cha waya. Kitoe kweli! Kikisahauliwa, cheche haiwahishwi tena, na boti litatoka bandarini likijikokota huku moduli nzima ikipata lawama.

Baada ya hapo piga resi na uimulike tena juu, mizunguko ile ile kwa mashine zote mbili. Mbili zinazolingana kwenye msingi zinaweza kupishana vibaya huko juu, na huko ndiko boti linakoishi.

Kuna mtego mwingine: ringi ya nje ya puli ya krenki imeshikwa kwa mpira, na mpira uliozeeka huteleza. Ringi ikihama, alama inahama nayo. Kabla ya kubishana na moduli, leta pistoni ya silinda namba 1 juu kabisa na uone kama alama inasoma sifuri.

"Moja ikifa, badilisha zote mbili"

Si lazima. Ukipata yenye maandishi yale yale, funga moja, hela nyingine nunulia plagi na nyaya. Pale ambapo ile ya zamani haitengenezwi tena na mbadala una mpangilio tofauti, basi ndiyo, funga mbili mpya, na ile nzima iliyobaki iweke iwe spea.

"Rafadha zinazunguka kinyume, kwa hiyo moduli nazo ni za kinyume"

Kwenye mashine za nje na za sterndraivu (injini ndani, mguu wa rafadha nje nyuma), kinyume hicho hufanywa na gia. Injini zenyewe zinazunguka upande mmoja. Zipo mashine za ndani za zamani ambazo injini yenyewe inazunguka kinyume: hapo mpangilio wa kuwaka wa V8 ya Chevrolet, badala ya 1-8-4-3-6-5-7-2, unakuwa 1-2-7-5-6-3-4-8. Ukikuta hiyo, agiza kwa serio tu.

"RPM zinapishana, moduli imekufa"

Tazama kwanza nyuma ya saa ya RPM (mizunguko kwa dakika). Nyingi zina swichi ndogo ya kuchagua silinda 4, 6 au 8, na ikishika kutu inasoma uongo. Kisha rafadha, kisha kebo za mafuta. Kwenye mashine za nje za zamani za mipigo miwili, nyingi zina mkono unaozungusha sahani ya cheche kadiri unavyoongeza mafuta. Mkono huo ukilegea upande mmoja, CDI (moduli za cheche za mashine hizo) mbili pacha zitatoa taiming mbili.

Ukibaki na shaka, hapo ndipo mashine mbili zinapolipa: zima kila kitu, toa waya wa betri, badilishana moduli. Ugonjwa ukihama na boksi, boksi ndilo. Ukibaki pale pale, rudisha pesa mfukoni. Jaribio hili lina maana tu kama maandishi ya lebo ni yale yale.

"Ya gari ni ile ile, bei nusu"

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kukaa kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti. Vifaa vya umeme vya boti hupimwa visiwashe mvuke huo, na kiwango kinachotajwa sana ni SAE J1171. Cha gari hakina kinga hiyo, hata kama mashine itawaka kwa mara ya kwanza.