Kugawana Wiki si Kuandaa Kozi kwa Pamoja

Hapa Tanga, kama ilivyo kwingineko nchini, si ajabu kumsikia mhadhiri akisema kwa fahari kwamba kozi fulani ya mtandaoni "tumeiandaa kwa pamoja". Ukimuuliza iliandaliwaje, maelezo hayatofautiani sana: mmoja alichukua wiki ya kwanza hadi ya tano, mwenzake akaendelea hadi ya kumi, wa tatu akamalizia, kisha kijana wa TEHAMA akapandisha mafaili kwenye Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni. Majina yote matatu yanaonekana juu ya ukurasa wa kozi, na hapo ndipo upamoja wao unapoanzia na kuishia. Nimeyasikia maelezo hayo mara nyingi kiasi cha kuona kwamba dhana yenyewe inapotea, na ikipotea anayeumia ni mwanafunzi.

Kuandaa kozi ya mtandaoni kwa pamoja ni kazi ya wahadhiri wawili au zaidi, wakisaidiwa na mtaalamu wa usanifu wa mafunzo inapowezekana, ya kukubaliana juu ya matokeo, tathmini, shughuli na vifaa vya kozi nzima kabla ya yeyote kuandika sehemu yake, kisha kuifundisha na kuirekebisha kozi hiyo huku kila mmoja akiwajibika kwa yote. Maana ni hiyo. Kinachohitaji nafasi zaidi ni tofauti kati ya kazi hii na ile ya kugawana, kwa sababu kwa mbali zinafanana sana.

Kugawana wiki ni kula kikoa: leo zamu yangu, kesho yako, na anayeleta chungu chake hana haja ya kujua jana kilipikwa nini. Kikoa ni utaratibu mwema kwa chakula, lakini mwanafunzi hapokei milo kumi na tano isiyohusiana. Anajenga jambo moja kichwani kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho, na wiki ya sita ikiwa haijui wiki ya tano ilimwachia wapi, yeye ndiye anayelazimika kuziunganisha.

Katika ukumbi wa mihadhara kasoro hii hufichika. Mwanafunzi anayeona kwamba mwalimu wa pili ameieleza dhana tofauti na alivyoieleza wa kwanza atanyoosha mkono, au atamfuata mhadhiri mlangoni, na jambo litanyooshwa kwa mdomo bila kuandikwa popote. Mtumishi aliyeajiriwa Pangani au Kilindi, ambaye anasoma shahada yake usiku baada ya kazi, hana mlango wa kumfuatia mtu. Kwake ukurasa wa kozi ndiye mwalimu, na ukurasa ukimwambia katika wiki ya nne kwamba insha iandikwe kwa mtindo huu, na katika wiki ya tisa kwa mtindo ule, bila neno lolote la kueleza mabadiliko hayo, ataamini kwamba yeye ndiye asiyeelewa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba kosa la wahadhiri kutozungumza huishia kuwa mashaka ya mwanafunzi juu ya akili yake mwenyewe.

Hesabu ya muda nayo huharibika. Katika vyuo vikuu vya Tanzania krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwamo anazosoma peke yake na anazotumia kufanya kazi alizopewa. Kozi ya krediti 12 basi ni saa 120, ambazo zikigawanywa kwa wiki 15 zinampa saa 8 kwa wiki. Mhadhiri anayetazama wiki zake tano tu huona makala mbili, video moja, mjadala na insha fupi kuwa mzigo wa kawaida, na pengine ni kweli kwa hizo tano. Haoni kwamba mwenzake ameweka jaribio katika juma lile lile la insha, wala kwamba wa tatu ameacha majuma mawili matupu akidhani wanafunzi watakuwa wanamalizia kazi za awali. Kila sehemu ikitazamwa peke yake haina kosa. Kosa liko katika jumla, na katika kozi iliyogawanywa hakuna aliyekabidhiwa jumla.

Wazo la timu ya kozi, tena, halikuletwa na intaneti. Open University ya Uingereza, iliyopata hati yake mwaka 1969 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1971, ilijengwa juu ya timu za kozi tangu mwanzo. Wahadhiri walikaa na wahariri, watayarishaji wa vipindi wa BBC na wataalamu wa teknolojia ya elimu, na mswada wa mhadhiri mmoja ulisomwa na kukosolewa na timu kabla ya kuchapwa na kutumwa kwa posta. Moodle ilitoka miongo mitatu baadaye, mwaka 2002. Sisi wenyewe tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na kituo chake cha mkoa kipo hapa Tanga. Elimu kwa masafa si ngeni kwetu. Kwa hiyo anayesema kwamba kozi ni ya pamoja kwa kuwa wahadhiri wote wamepewa nywila ya mfumo mmoja anauchukua mfumo kuwa ndio ushirikiano, ilhali ushirikiano ulikuwapo pale ambapo mfumo wenyewe ulikuwa karatasi na bahasha.

Wanachokubaliana wahadhiri wanapokaa pamoja ni, kwanza, mwisho wa kozi. Mwaka 1996 mtaalamu wa elimu John Biggs alieleza kanuni ambayo wasanifu wa mafunzo wengi wanaitumia hadi leo: matokeo tunayotaka, namna tunavyopima, na shughuli anazofanya mwanafunzi lazima vielekee upande mmoja. Ikiwa tunasema mhitimu ataweza kuandaa mpango wa chanjo kwa kata moja, tathmini imtake aandae mpango huo, na wiki zilizotangulia zimpe mazoezi ya vipande vyake. Haiwezekani kuitimiza kanuni hii kwa kugawana, maana wa wiki za mwisho atapima kitu ambacho wa wiki za mwanzo hakujua kwamba kitapimwa.

Pili ni mpangilio wa shughuli. Huko University College London kuna warsha ya dakika 90 ambamo timu ya kozi hupanga mezani kadi za aina sita za kujifunza, yaani kupokea maarifa, kuchunguza, kufanya mazoezi, kujadili, kushirikiana na kuzalisha, aina ambazo msingi wake ni kazi ya mtaalamu wa elimu Diana Laurillard. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba kozi nzima inaonekana mezani mara moja, na kila mtu anaona majuma manne mfululizo ambayo mwanafunzi hafanyi lolote isipokuwa kusoma slaidi. Kadi hizo zinaweza kukatwa kwa karatasi ya manila katika chumba chochote pale Chumbageni. Hazihitaji bando wala umeme.

Upande wa kufundisha nao una mkanganyiko wake. Kufundisha pamoja mtandaoni hakumaanishi wahadhiri wawili kuonekana katika kikao kimoja cha Zoom. Garrison, Anderson na Archer, watafiti wa Kanada waliochapisha nadharia yao mwaka 2000, walitaja uwepo wa ufundishaji, yaani kazi ya mwalimu ya kupanga na kuongoza ujifunzaji, kuwa mojawapo ya nguzo za darasa la mtandaoni, na usanifu wa kozi wakauhesabu ndani ya uwepo huo. Maana yake ni kwamba mhadhiri ambaye hakushiriki kusanifu amekosekana darasani hata kabla ya darasa kuanza. Wanaofundisha pamoja huingia katika jukwaa la majadiliano hata wiki ambayo si "yao", hukaa kusahihisha kazi chache kwa pamoja kabla ya kugawana zilizobaki ili alama ya mmoja iwe na uzito wa alama ya mwenzake, na hukubaliana mwanafunzi atapata mrejesho ndani ya siku ngapi.

Najua pingamizi lake, nalo ni la haki. Wahadhiri wana madarasa makubwa na muda mchache, na mara nyingi fomu ya mzigo wa kazi huhesabu saa za kila mtu peke yake, kiasi kwamba saa ya kusoma wiki za mwenzako haina mahali pa kuandikwa. Chuo kinachotaka kozi bora za mtandaoni kinapaswa kuihesabu saa hiyo kama saa ya kazi, na kumhesabu mtaalamu wa usanifu kama mshiriki wa timu tangu kikao cha kwanza, si fundi anayeitwa mafaili yakishakamilika.

Hadi hayo yatakapowezekana, kozi iliyogawanywa iitwe kozi ya wahadhiri watatu. Ni maelezo ya kweli na hayamvunjii mtu heshima. Na itakapofika zamu ya kuipanga upya, kikao cha kwanza kianze na kazi ya mwisho ya mwanafunzi kabla ya majina ya wahadhiri na wiki zao, na aliyeandika wiki ya tatu apewe wiki ya kumi na mbili aisome, aruhusiwe kuigusa, kabla haijapandishwa.